Kelele Zisizohesabiwa



 Somo la leo linaanzia mbali, juu ya sitaha ya meli ya kivita, nami nakuomba uvumilivu kidogo, kwa maana mwisho wake umo darasani, mahali ambapo wewe na mimi hukutana.

Tuanze na maneno yenyewe, kama ilivyo desturi yetu. Kikosi ni kundi la askari walio chini ya kamanda mmoja. Manowari ni meli ya kivita. Neno hilo tulilikopa kwa mabaharia wa Kiingereza katika zama za meli za matanga. Manowari ya kubeba ndege ni meli kubwa ambayo sitaha yake ni uwanja wa ndege. Vita vya kielektroniki ni mapambano ya mawimbi ya redio: kuyasikiliza mawimbi ya adui, kuyavuruga, na kuyalinda ya kwako yasivurugwe. Ukiyaunganisha maneno hayo, utapata jina refu la jambo ninalotaka tulitafakari: kikosi cha vita vya kielektroniki kinachohudumu juu ya manowari ya kubeba ndege.

Jeshi la majini la Marekani lina vikosi kadhaa vya namna hiyo. Ndege wanayoitumia leo ni EA-18G Growler, jina ambalo kwa Kiswahili tungeweza kulifasiri kuwa "mwenye kunguruma". Iliyoitangulia iliitwa Prowler, ndege ya watu wanne iliyolitumikia jeshi hilo tangu mwaka 1971 hadi 2015. Growler hubeba watu wawili tu: rubani, na nyuma yake afisa anayeendesha mitambo ya mawimbi.

Kazi yao ni rahisi kuieleza ingawa ni ngumu kuifanya. Rada hufanya kazi kama mtu anayepaza sauti mbele ya jabali usiku wa giza, kisha akatega sikio asikie mwangwi. Rada hutuma wimbi la redio. Wimbi likigonga ndege hurudi, na kutokana na kurudi huko mtu aliyeketi mbele ya kioo hujua ndege iko wapi na inakwenda upande gani. Growler hubeba chini ya mabawa yake mitambo inayotoa mawimbi yenye nguvu katika masafa yaleyale, hata mwangwi ukapotea ndani yake kama sauti ya mtoto inavyopotea katikati ya soko. Ni kelele ambazo sikio la binadamu halizisikii, lakini rada haisikii kitu kingine. Zaidi ya hayo, ndege hiyo hubeba makombora yanayofuata mawimbi ya rada hadi yanakotoka. Basi mwenye rada hubakiwa na njia mbili: aendelee kutazama na apigwe, au azime mtambo wake abaki kipofu.

Chukua mfano wa kikosi kimoja, VAQ-130, kilichoundwa mwaka 1959, kikongwe kuliko vyote vya aina yake katika jeshi hilo. Mwezi wa Oktoba 2023 kilisafiri na manowari Dwight D. Eisenhower, kikarejea Julai 2024. Sehemu kubwa ya miezi hiyo tisa kilikuwa katika Bahari ya Shamu na maji ya jirani, ambako Wahouthi wa Yemen walikuwa wakizishambulia meli za biashara kwa makombora na ndege zisizo na rubani.

Usidhani kwamba habari hiyo haituhusu. Sisi wa Uganda hatuna bahari. Shehena zetu nyingi hushushwa Mombasa, na meli itokayo Ulaya kwenda Mombasa njia yake fupi ni Mfereji wa Suez na Bahari ya Shamu. Katika miezi ile meli nyingi ziliiacha njia hiyo, zikaizunguka Afrika kupitia Rasi ya Tumaini Jema. Kwa hiyo siandiki nikiwa mtu asiyeona haja ya ulinzi wa bahari. Mwenye kununua dawa na vipuri vinavyokuja kwa meli hawezi kusema kwamba usalama wa njia ya meli si shauri lake.

Sasa tazama kinachotangulia safari kama hiyo. Kutua juu ya manowari si sawa na kutua Entebbe. Sitaha ni fupi, inasonga mbele, inapanda na kushuka pamoja na mawimbi. Ndege huja na kulabu chini ya mkia wake, nayo kulabu hiyo inapaswa kunasa mojawapo ya nyaya nene zilizotandazwa sitahani. Rubani huongeza nguvu ya injini palepale anapogusa sitaha, ili kulabu ikikosa apae tena. Haya yote hufanywa hata usiku. Hakuna rubani anayeweza kuyafanya bila mazoezi ya karibuni, na mazoezi hufanyika nchi kavu, katika uwanja uliochorwa mfano wa sitaha: ndege hushuka, hugusa ardhi, hupaa, huzunguka, hurudi, tena na tena. Ni kazi yenye hatari hata mbali na vita. Tarehe 15 Oktoba 2024, miezi mitatu tu baada ya Eisenhower kurejea, Growler moja ya kikosi hichohicho cha VAQ-130 ilianguka karibu na Mlima Rainier ikiwa katika mazoezi, na maafisa wake wawili wakapoteza maisha.

Hapo ndipo tunapofika katika kelele za pili, zile ambazo sikio linazisikia. Karibu Growler zote za jeshi la majini zilizo ndani ya Marekani zina makao yake katika kituo kimoja, kilichopo Kisiwa cha Whidbey, jimbo la Washington, tangu mwaka 1942. Kusini mwa kituo hicho, jirani na mji mdogo uitwao Coupeville, kuna uwanja mdogo unaotumiwa kwa mazoezi niliyoyaeleza. Pande zote zimezungukwa na mashamba, nyumba za watu na shule. Mwezi wa Machi 2019 jeshi liliamua kuongeza ndege 36 katika kituo hicho, na kuzidisha mazoezi ya Coupeville karibu mara nne.

Wakazi hawakuwa na kauli moja. Wako waliosema, na hata kuandika kwenye vibao, kwamba mngurumo ule ni sauti ya uhuru. Hao usiwacheke, wengi wao wana ndugu au watoto jeshini, na wanajua ni nani atakayekuwa ndani ya ndege ile usiku wa kutua. Wako pia waliosema kwamba uhuru usiomruhusu mtu kulala, au mwalimu kusikika, una kasoro mahali fulani.

Kiswahili kina methali isemayo, "Mwenye nguvu mpishe." Ni busara ya mtu aliye peke yake njiani. Sheria, msomaji wangu, huwekwa kwa ajili ya wale ambao hawana pa kumpishia mwenye nguvu, kwa kuwa njia yenyewe inapita juu ya paa la nyumba yao. Marekani ina sheria ya sera ya mazingira iliyopitishwa na Bunge lake mwaka 1969. Sheria hiyo haiikatazi serikali kufanya jambo kubwa. Inaitaka, kabla ya kuamua, ichunguze kwa uaminifu athari za jambo hilo na kuziweka wazi mbele ya umma. Kwa msingi huo, Julai 2019, Mwanasheria Mkuu wa jimbo la Washington alilishtaki jeshi la majini la nchi yake mwenyewe, na kikundi cha wakazi wa eneo lile nacho kikafungua shauri lake.

Soma tena sentensi hiyo polepole, kwa sababu ndiyo kiini cha somo letu la uraia. Walalamikaji hawakudai kwamba jeshi lisiwepo. Hawakudai kwamba marubani wasijifunze kutua. Walidai kwamba aliyeandika tathmini amewasahau watu fulani katika hesabu yake.

Agosti 2022 Jaji Richard Jones alikubaliana nao katika mambo kadhaa. Jeshi halikueleza ipasavyo moshi unaotokana na mafuta ya ndege zake. Halikutazama vya kutosha athari kwa aina mbalimbali za ndege wa porini. Halikupima kwa dhati uwezekano wa kuzipeleka Growler mahali pengine. Na jambo la nne ndilo lililonifanya mimi, mwalimu wa mbali, niisome habari hii mara tatu: jeshi halikushughulikia ipasavyo athari za kelele katika masomo ya watoto. Lilikiri kwamba tafiti nyingi zimeonyesha kuwa kelele za ndege hudhoofisha ujifunzaji. Kisha likahitimisha kwamba, kwa kuwa haliwezi kusema kwa usahihi ni kiasi gani, halikuwa na haja ya kuendelea na uchambuzi.

Wewe unayejifunza lugha, tazama mtego uliomo humo. "Hatujui ni kiasi gani" ni kauli moja. "Si kitu" ni kauli nyingine. Ya kwanza inamtaka msemaji aendelee kutafuta. Ya pili inafunga mlango. Mwenye mamlaka akitaka kukwepa jambo, mara nyingi hasemi uongo. Huanza na kauli ya kwanza, akaishia kutenda kana kwamba amesema ya pili, na msikilizaji asiye makini hatambui mahali alipovukishwa. Mahakama ilitambua.

Na kweli madhara hayo hupimika. Mwaka 1992 mji wa Munich, Ujerumani, ulifunga uwanja wake wa ndege wa zamani na kufungua mpya mahali pengine. Watafiti waliwafuatilia watoto wa sehemu zote mbili. Wale walioletewa kelele walirudi nyuma katika kusoma na katika kukumbuka walichojifunza. Wale walioondolewa kelele waliimarika. Habari hiyo inatisha na kufariji kwa wakati mmoja: kelele huharibu, lakini zikiondoka mtoto huinuka.

Sitaki nikudanganye kuhusu ushindi wa Whidbey. Mahakama haikuzizuia ndege zisiruke. Iliamuru tathmini irudiwe, na Growler zikaendelea kunguruma juu ya Coupeville. Mtu anayepima haki kwa ukimya wa anga atasema wakazi hawakupata kitu. Mimi naona walipata jambo ambalo wenzao wengi duniani hawajalipata: taasisi yenye nguvu kuliko karibu zote duniani ililazimika kurudi mezani, ikachukua kalamu, ikawaandika watoto wao katika hesabu.

Nikueleze sasa kwa nini hukumu hiyo ilinigusa. Nafundisha katika shule ya msingi pembezoni mwa Kampala. Nyuma ya ukuta wetu kuna karakana ya kuchomelea vyuma yenye mashine ya kukatia nondo, na mashine hiyo ikianza kazi, paa letu la mabati huidaka sauti yake na kuirudisha juu ya vichwa vyetu. Tangu Baraza la Mawaziri lilipoidhinisha Julai 2022 kwamba Kiswahili kiwe somo la lazima, madarasa yangu yamejaa watoto ambao nyumbani huzungumza Kiganda. Katika Kiganda, *l* na *r* ni kama sura mbili za sauti moja. Mzungumzaji hazitofautishi kwa maana. Katika Kiswahili tofauti hiyo ni kubwa, na sikio la mtoto hulizoea jambo hilo kwa kusikia vizuri, si kwa kuelezwa.

Siku moja niliwasomea imla: "Wananchi walipiga kura." Mashine ilikuwa ikilia. Zaidi ya nusu ya darasa waliandika, "Wananchi walipiga kula." Kesho yake, karakana ikiwa kimya, nilisoma sentensi nyingine yenye neno lilelile, na waliokosea walikuwa wachache mno. Unaweza kutabasamu; hata mimi nilitabasamu. Lakini taifa ambalo watoto wake hawatofautishi kura na kula lina jambo la kulifikiria.

Kabla ya hapo tulikuwa tumelalamika mara mbili kwa maneno ya mdomo. Jibu tulilopewa kwenye ofisi ya mtaa lilikuwa la adabu: "Mwalimu, mjini kelele ziko kila mahali. Hizo za kwenu tutazipimaje?" Nilipoisoma habari ya Whidbey, nililitambua jibu hilo kama mtu anavyomtambua jamaa wa jirani katika nchi ya ugenini.

Basi tukahesabu. Wanafunzi wa darasa la sita walipewa daftari moja na saa ya ukutani. Kila somo liliposimama kwa sababu ya mashine, mtunza daftari aliandika siku, saa, dakika zilizopotea, na somo lenyewe. Wiki nne zilipotimia tulinakili kurasa zote, tukaziambatanisha na barua. Katika barua hiyo tulikumbusha kwamba ibara ya 39 ya Katiba ya mwaka 1995 inampa kila Mganda haki ya kuishi katika mazingira safi na yenye afya, na kwamba nchi yetu ina kanuni za kudhibiti kelele tangu mwaka 2003. Tuliandika pia, kwa kauli ya wazazi wote, kwamba hatutaki karakana ifungwe.

Sentensi hiyo ya mwisho ilibishaniwa sana kikaoni. Mama mmoja ndiye aliyeimaliza hoja. "Milango ya hili darasa nani aliitengeneza?" aliuliza. Ilikuwa imetengenezwa na karakana ileile. Vijana wanaofanya kazi pale, baadhi yao tuliwafundisha sisi. Kama vile marubani wa Growler wanavyohitaji mahali pa kujifunzia kutua, vijana hao wanahitaji mahali pa kupatia riziki, na barua isiyolitambua hilo ingekuwa na kasoro ileile tuliyokuwa tukiilalamikia: kuwaacha watu nje ya hesabu.

Mwenye karakana aliitwa mbele ya mwenyekiti wa mtaa. Alilisoma daftari ukurasa kwa ukurasa, hakusema neno kwa muda mrefu. Kisha akauliza, "Mwalimu, hizi zote ni zetu?" Nilimjibu kwamba ndiyo, Mzee, na kwamba mikono iliyoziandika ni ya watoto. Tulikubaliana kwamba vyuma vikatwe kabla ya saa mbili asubuhi, wakati wa mapumziko, na baada ya saa tisa alasiri. Saa nyingine zote wafanye kazi zisizo na makelele, kama kupima na kupaka rangi.

Makubaliano hayo hayashikwi kila siku. Ikija kazi ya haraka, mashine hulia katikati ya somo la hesabu, nasi hunyamaza tukasubiri. Lakini sasa anayevunja makubaliano anajua kwamba anayavunja, na mara nyingi kijana mmoja huja langoni kutuomba radhi. Daftari bado lipo. Kila mwaka darasa la sita hulikabidhi kwa darasa linalofuata.

Nimelieleza jambo dogo la mtaa kando ya jambo kubwa la manowari, nami najua havilingani. Hata hivyo, mwananchi wa Coupeville na mwanafunzi wangu wa darasa la sita walikabiliwa na swali lilelile: nifanyeje ili aliye na kelele kubwa kuliko sauti yangu anisikie? Kupiga kelele zaidi hakusaidii, kama ambavyo rada haimshindi Growler kwa kuongeza sauti tu. Kilichowasaidia wote wawili ni kuandika kilichopotea, kwa siku na saa, na kukipeleka mahali ambapo sheria inamlazimu mtu kukisoma.

Kazi ya nyumbani ya juma hili ni barua rasmi, ukurasa mmoja, kwa Kiswahili sanifu. Chagua jambo moja la mtaani kwako linalowadhuru watu: kelele, moshi, taka, mfereji ulioziba. Lihesabu kwa siku saba kabla ya kushika kalamu. Mwandikie kiongozi anayehusika, kwa heshima anayostahili, ukitaja jambo lenyewe, hesabu yako, na haki inayokulinda. Kisha uandike sentensi moja ya kweli kuhusu haja ya yule unayemlalamikia. Ukishindwa kuiandika, bado hujalielewa jambo lako.

Na mwishoni, kabla ya kuikunja karatasi, pitia tena maneno yako yote yenye *l* na *r*. Isome kwa sauti, mahali palipo kimya.